Benzi, BMW au Lexus: sedani ya kifahari ikitua Dar na miaka kumi mgongoni

Ukitazama video za Ulaya zinazopanga Mercedes-Benz C-Class, BMW 3 Series na Lexus IS mstari mmoja, utadhani dunia nzima hununua gari likiwa bado na nailoni kwenye siti. Jamaa anapima sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa, anagonga dashibodi kwa kidole asikilize plastiki inavyolia, anatoa alama, anafunga kazi. Huku kwetu gari hilohilo linatufikia na miaka saba, tisa au kumi na moja. Limeshapita mikono miwili mitatu Japani, limeuzwa mnadani, limevuka bahari, limekaa juani bandarini, na dalali ameshalipaka tairi rangi nyeusi ling'ae. Maswali yanabaki matatu: lina usalama gani, ndani kukoje, na pesa yako inarudi vipi. Majibu ndiyo yanayogeuka, na mara nyingine mshindi wa kule anashika mkia hapa.

Nazungumzia vizazi ambavyo mtu wa kipato cha kati mwenye roho ngumu anaweza kuvifikia sasa hivi. C-Class ile ya W205 iliyoanza 2014. BMW F30 iliyotoka mwishoni mwa 2011 na kudumu hadi 2018. Lexus IS ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2013. Audi A4 nimeiacha, si kwa ubaya wake. Ni chache mno mitaani, na gari ambalo fundi wako halioni hata mara moja kwa mwaka ni gari atakalojifunzia kwa pesa yako.

Kuhusu Lexus, wengi hawajui kwamba wanaifahamu familia yake tangu zamani. Altezza ile ile iliyotamba kwa vijana wa Dar na Nairobi, yenye saa za dashibodi mithili ya saa ya mkononi, ndiyo IS ya kwanza. Toyota waliitoa Japani mwaka 1998 chini ya mhandisi Nobuaki Katayama, na nje ya Japani ikauzwa kama Lexus IS 200. Lexus walipofungua maduka yao nyumbani Japani mwaka 2005, jina la Altezza likafa na IS ikashika nafasi. Kwa hiyo mtu anayesema Lexus ni gari geni kwa mafundi wetu, muulize Altezza zilikuwa zikitengenezwa na nani.

Tuanze na usalama, maana hapo ndipo uongo ni mwingi.

Zote tatu zilipata nyota tano za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha magari kupima usalama wake. F30 ilipimwa 2012 na kupata asilimia 95 katika kumlinda mtu mzima aliye ndani, IS ilipimwa 2013 ikapata 91, W205 ilipimwa 2014 ikapata 92. Mwuzaji atakuonyesha namba hizo na kukwambia BMW ndiyo salama zaidi. Si sawa. Masharti ya kipimo hukazwa kila baada ya muda, hivyo asilimia 92 ya 2014 haiwekwi mizani moja na 95 ya 2012. Tena waliopima walikuwa na gari jipya la soko la Ulaya, halijaguswa na mtu. Wewe unanunua bodi ambayo huenda imeshafanya kazi yake mara moja.

Kipimo kinachonigusa zaidi ni kile cha Marekani. Agosti 2012 taasisi ya IIHS ilianza kugongesha magari kwa namna mpya: gari linakwenda kilomita 64 kwa saa na kukutana na kizuizi kigumu kwa robo tu ya upana wake wa mbele, upande wa dereva. Matokeo yaliwaaibisha wakubwa. C-Class ya wakati huo, yaani W204, ilipata alama ya chini kabisa. Lexus IS ya kizazi cha pili nayo ilipata ileile, na Audi A4 pia. BMW F30 ilipanda ngazi moja tu juu yao. Volvo S60 na Acura TL ndizo zilizotoka na alama ya juu. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Gari likigongwa kwenye kona, zile chuma kuu mbili za mbele zilizoundwa kunyonya kishindo hazihusiki, kishindo kinapita pembeni yake, kinasukuma tairi na nguzo ya kioo kuelekea miguu ya dereva.

Sasa fikiria barabara ya Chalinze kwenda Morogoro, au ile ya kushuka Mombasa. Njia mbili, malori mfululizo, mtu anachomoza kuovateki, anamwona anayekuja, wote wawili wanakwepa kwa sekunde ya mwisho. Wanapokutana hawakutani pua kwa pua, wanakutana kona kwa kona. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya barabara za Marekani, ila kinaeleza ajali zetu kuliko kipimo chochote kingine nilichosoma. Ndiyo maana mtu akiniambia anaokoa pesa kwa kuchukua W204 ya 2011 badala ya W205, namwomba afikirie tena. Sura zinafanana kwa mbali, jina ni moja, lakini kati ya kizazi kimoja na kingine wahandisi walikuwa wameshaona video za mgongano huo.

Halafu kuna suala la bodi lenyewe. W205 imejengwa kwa mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni alumini. Boneti, milango, fenda, paa na buti, karibu ngozi yote ya nje ni alumini. Gari lilipungua uzito kama kilo 100 ukilinganisha na lililotangulia, jambo zuri. Ila alumini haipigwi pasi kama bati. Ikikunjwa inakakamaa, ukiikanza kupita kiasi inayeyuka kabla haijabadilika rangi kukuonya, na kuichomelea kunahitaji mashine na mikono ambayo gereji nyingi za mtaani hazina. Fundi wa bodi aliyezoea Corolla ataijaza puti, atapiga rangi, itapendeza machoni. Ukinunua W205 iliyokula mzinga na kutengenezwa kwa mtindo huo, umenunua picha ya C-Class. BMW na Lexus bado zina chuma nyingi zaidi, na hapa uzee wao wa fikra unakuwa faida kwetu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nyota, omba karatasi ya mnada ya Japani. Alama ya R au RA maana yake gari limewahi kutengenezwa sehemu za muundo wake. Mwuzaji anayesema karatasi imepotea amekujibu tayari.

Kitu kingine, taa ya eabegi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi lazima ziwake, ile ya mtu na mpira kifuani ikiwemo, kisha izime baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima makusudi. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Na ikiwa inazimika pamoja na taa nyingine sekunde ileile, mwite fundi mwenye mashine asome, kwa sababu wapo wanaoiunganisha na waya wa taa ya oili ili ifuate mkumbo. Eabegi zilizolipuka Japani hufunikwa na kava jipya la usukani, ndani mtupu.

Wa pwani tuna la ziada. Eabegi za Takata, zilizosababisha uitaji (magari kurudishwa kwa watengenezaji kubadilishiwa kifaa) mkubwa kuliko wote katika historia ya magari na kuifilisi kampuni hiyo mwaka 2017, zilikuwa na kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, mpaka siku ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja mwaka mzima. Lexus IS ya kizazi cha pili imo kwenye orodha ya Marekani, Mercedes W204 imo, BMW 3 Series E90 iliyotangulia F30 imo. Namba ya chasi inatosha kukagua kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ni dakika tano, na haina malipo.

Hayo yamenichukua nafasi kubwa kwa sababu yanastahili. Sasa vile vifaa vinavyosifiwa kwenye matangazo, breki inayojikanyaga, kamera ya kufuata mistari, rada ya kushika umbali. C-Class za Japani nyingi zina furushi la rada, na linafanya kazi vizuri likiwa zima. Lakini rada inakaa nyuma ya nyota ya mbele, na hapa kwetu mtu akibadilisha grili aweke ile ya kuvutia kutoka China, rada inapofuka. Kamera iko nyuma ya kioo cha mbele, na kioo chetu hupasuliwa na kokoto za malori. Ukiweka kioo kingine bila kuipanga upya kamera, unabaki na pambo. Mistari ya barabara yenyewe ikifutika, kamera haina cha kufuata. Mimi sivihesabu vifaa hivi kama sababu ya kulipa zaidi. Breki nzima, tairi changa na mkanda wa siti ya nyuma unaofungwa na kila mtu vinaokoa wengi zaidi.

Tairi hasa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi yenye kashata nzuri iliyotengenezwa miaka tisa iliyopita ni tairi mbovu, hata kama muuzaji anaipapasa kwa mahaba. F30 nyingi huja na tairi zinazoweza kukimbia bila upepo, ndiyo maana buti halina tairi la akiba. Kwenye lami nzuri sawa. Kwenye mashimo ubavu wake mgumu unapasua rimu na kuumiza mgongo, na ukipasukiwa Mikumi usiku ile ahadi ya kwenda kilomita 80 bila upepo haikufikishi mbali ikiwa tairi limechanika. Wengi huzivua, huweka tairi za kawaida na kubeba akiba. Mendesho unalainika mara moja. Zingatia tu kwamba IS 300h nyingi nazo hazina tairi la akiba, na W205 nyingi pia.

Nguvu. C200 ya injini ya lita mbili yenye turbo ina farasi 184, 320i nayo farasi 184. Zote zinafika kilomita 100 kwa sekunde saba na ushee. IS 300h, injini ya lita 2.5 ikisaidiwa na mota ya umeme, ina jumla ya farasi 223 lakini inachukua sekunde nane na ushee, kwa sababu gia yake haina hatua na uzito wa betri haukwepeki. Kwa takwimu hizo Mark X ya lita 2.5 yenye farasi 203 inaonekana mwenzao. Lakini keti ndani. Turbo za Wajerumani zinatoa msukumo wote tangu chini, BMW inatoa Nm 270 kuanzia mizunguko 1,250, Benzi Nm 300 kuanzia 1,200. Unapotaka kulipita lori la mafuta, unakanyaga na kumaliza. Muda unaokaa upande usio wako unapungua, na hapo ndipo naona nguvu ya injini ni kifaa cha usalama kwelikweli, kuliko mbwembwe za mtaani.

Anayeendesha kwa raha ya kuendesha atachagua BMW, sina ubishi. Gia boksi ya ZF ya hatua nane inabadilisha bila kukushtua, usukani unakwambia tairi la mbele linafanya nini, na ukishuka Kitonga kwa gia ya tatu na kugusa breki kwa vipimo gari linakaa palepale unapotaka. C-Class ni ya adabu, inapita juu ya vitu bila kuvitangaza, ila yenye vazi la AMG Line ina mdomo wa chini unaokwaruza matuta yote ya Tegeta. Lexus iko katikati, na ukiichokoza inanguruma kwanza kisha inakwenda.

Wapo watakaouliza mbona sizigusi M3, C63 na IS F, matoleo yenye nguvu zaidi ya magari haya matatu. M3 ya F80 ina farasi 431, C63 ya W205 ina V8 ya lita nne yenye farasi 476, na 510 ikiwa na herufi S. IS F ya lita tano ni ya kizazi cha nyuma. Ni mashine za ajabu. Seti moja ya diski na pedi zake itakufanya uanze kupanda daladala, na hatuna barabara ya kuzimaliza wala trafiki atakayekuvumilia kwenye hamsini. Tuendelee.

Ndani.

W205 ilipotoka iliwakera hata wenye E-Class, kaka yake mkubwa, kwa sababu ilionekana kama S-Class, sedani ya juu kabisa ya Benzi, iliyopunguzwa kipimo. Matundu ya hewa ya duara, mbao au plastiki nyeusi inayong'aa ikiteremka katikati, kioo kimesimama juu ya dashi. Abiria akipanda anafunga mdomo kidogo. Kwa macho, hakuna kati ya hizi tatu inayoikaribia, na nyuma pia ina nafasi kidogo zaidi: umbali kati ya tairi za mbele na nyuma ni milimita 2,840, BMW 2,810, Lexus 2,800. Ile plastiki nyeusi hata hivyo ni mtihani. Baada ya miaka kumi ya pete na funguo imejaa mikwaruzo, na vumbi letu linaifanya ionekane chafu nusu saa baada ya kufutwa. Siti nyingi za Japani ni za ngozi bandia ya Artico, na nawasihi msiidharau. Haipasuki kwa jua kama ngozi halisi isiyotunzwa.

BMW ndani ni ofisi ya mtu mwenye kazi. Dashi imemgeukia dereva, vitufe viko mahali vinapotarajiwa, na duara la iDrive la kuongozea kioo, lililoko katikati, bado naliona bora kuliko vioo vya kugusa vya leo. Udhaifu wake ni mipako laini kwenye vishikio vya milango. Inabanduka na kunata, na kwenye joto la pwani inaanza mapema. Kitambaa cha paa nacho huweza kulegea. Ni vitu vidogo, lakini abiria huvigusa kwanza, na gari la kifahari lenye mlango unaonata linamvunjia heshima mwenye nalo mbele ya wakwe.

Lexus ina ndani isiyokupa mshangao wa kwanza. Vitufe ni vingi, na kile kidude cha kusukuma mshale kwenye kioo kinaudhi ukiwa mwendoni. Lakini rudi baada ya miaka kumi. Swichi zinabonyezeka vilevile, milango inafunga kwa sauti ileile, hakuna kinacholia ukipita kwenye vumbi. Zenye F Sport zina siti zinazokukumbatia mbavuni na ile saa kubwa ya katikati yenye pete inayosogea pembeni, wazo lililotoka kwenye LFA, gari la michezo la Lexus. Sifa hii lakini ni ya kizazi cha tatu. IS za 2006 hadi 2008 zina dashibodi iliyojulikana kwa kuyeyuka na kunata kwenye nchi za joto, mpaka Lexus wakaongeza dhamana yake Marekani. Ukiikuta inang'aa kana kwamba imepakwa mafuta, haijapakwa.

Na redio. Ni jambo dogo mpaka siku ya kwanza kwenye foleni ya Mwenge. Gari la Japani lina masafa ya FM yanayoanzia 76 na mengi huishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar huzipati. Kwenye BMW na Benzi fundi wa kompyuta mwenye programu yake huweza kubadilisha eneo na lugha. Lexus ya soko la Japani ni ngumu, menyu imeganda kwenye Kijapani na ramani inakuonyesha Osaka. Wengi huishia kufunga kioo cha Android kutoka Kariakoo, na ndani ya Lexus kinakaa vibaya mno.

Tukija kwenye pesa, hapa Tanzania hesabu inaanzia TRA kabla hata hujalipenda gari. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya 1,000 cc isiyozidi 2,000 cc, na asilimia 10 ikizidi hapo. Kisha kuna adhabu ya uzee: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, asilimia 30 likizidi kumi. Juu yake VAT asilimia 18, na tozo ndogondogo.

Chukua gari ambalo TRA wamelithamini dola 10,000, nazitaja namba hizi kwa mfano tu. Forodha ni 2,500. Likiwa la lita mbili na miaka tisa, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 ya 12,500, yaani 2,500 nyingine. VAT inakuwa 2,700. Jumla 7,700 kabla ya tozo. Gari hilohilo likivuka miaka kumi, jumla inaruka hadi 9,900 na kitu. Ndiyo maana 2014 ya bei chee kwenye tovuti za Japani ni mtego, unachookoa kule unakiacha bandarini. Sasa badilisha injini. C200 ina cc 1,991, 320i ina 1,997 au 1,998, zote zinaponea chupuchupu chini ya mstari. IS 300h ina 2,494, inaingia kwenye asilimia 10, na kwa mfano wetu wa miaka tisa inazidi kama dola 740. Toyota walikuwa na IS 200t ya turbo yenye 1,998 cc, iliyokuja kuitwa IS 300, farasi 245. Ukiipata, hiyo inakata mzizi wa fitina kwenye kodi na kwenye mwendo, ila ni adimu na wenye nayo wanajua wanacho nini. Ndugu zetu wa Kenya wana hesabu nyingine, gari la zaidi ya miaka minane haliingii kabisa, hivyo wengi wao W205 wanaipata ile ya mwishoni, ya 2018 kwenda mbele, ambayo C200 yake ni lita 1.5 yenye mfumo wa umeme wa volti 48. Uchumi mzuri wa mafuta, lakini kuna vitu vingi zaidi vya kuharibika.

Baada ya kodi inakuja injini, na hapa nawaomba wapenzi wa BMW wasome polepole. F30 za awali zina injini ya N20. Cheni yake ya taimingi inaongozwa na vipande vya plastiki ambavyo vilijulikana kwa kuvunjika, na Marekani kesi yake ilifika mahakamani. Vikivunjika, mabaki yanaanguka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na ukichelewa injini imekwenda. Injini ya B48 iliyofuata ni bora sana. Tatizo ni kwamba F30 ilibadilishwa sura mwaka 2015 lakini za Japani hazikubadilishwa injini siku hiyohiyo, kwa hiyo taa mpya za mbele si ushahidi. Usinunue kwa mwaka, nunua kwa namba ya injini. Na 320d, ile ya dizeli ambayo Wajapani waliipenda, ikiwa na injini ya N47 ina cheni upande wa gia boksi, kuibadilisha ni kushusha injini nzima. Bila historia ya huduma, iache ipite.

W205 haina balaa la kiasi hicho. Ina uvujaji wake wa oili na sensa zake, na yenye Airmatic, saspensheni ya hewa, ikichoka utajuta kwa nini hukuchukua yenye springi. IS 300h ina betri ya nikeli chini ya sakafu ya buti na feni inayoipoza. Vumbi likiziba njia ya feni betri inachemka na kufa kabla ya wakati. Kusafisha njia hiyo ni kazi ya bisibisi na brashi. Injini yake ndiyo iliyomo kwenye Crown Hybrid ya S210, na Crown, mnajua wenyewe, Dar zimejaa. Fundi anaifahamu, spea ipo, used ipo.

Kuhusu spea kwa ujumla, nenda Gerezani ulizia bushi za mbele za magari haya matatu, au kwa walioko Nairobi shuka Kirinyaga Road. Za Mjerumani zipo, wafanyabiashara wetu wanazifuata mpaka Sharjah kwenye yadi za magari yaliyokatwa, ila kila kimoja kina majina matatu: orijino, ya Mjerumani ambaye si Benzi, na ya China. Bei hupishana mara tatu, na sanduku linaweza kudanganya. Vioo vya pembeni ni habari nyingine. Kile cha W205 chenye taa ya kuonyesha gari lililo pembeni kinapendwa na vibaka kama dhahabu. Chonga namba ya gari kwenye vioo na taa siku ya kwanza, kabla hata ya kuweka tinti.

Kuuza tena: Benzi nyota inauza yenyewe, hata mtu asiyejua W205 ni nini anaitaka, ila ataomba punguzo akisikia taa ya injini inawaka. BMW hushuka haraka kuliko zote. Kwa mwenye kuuza ni kilio, kwa mnunuzi mwerevu ni neema, kwa sababu 320i ya B48 iliyotunzwa inakupa gari bora zaidi la kuendesha kwa bei ya chini zaidi kati ya hizi. Lexus hushuka polepole, wanunuzi wake ni wachache lakini wanakuja wakijua wanachotaka.

Basi mtu akinibana nichague, nauliza kwanza nani atalitengeneza. Mwenye fundi wa Wajerumani anayemwamini, mwenye mashine yake ya kusoma na tabia ya kubadilisha oili kila kilomita 7,000 au 8,000 badala ya kungoja dashibodi iombe, namwambia achukue 320i yenye B48, avue tairi zile ngumu, atenge pesa ya kupozea injini, pampu ya maji na mabomba yake ya plastiki yabadilishwe kabla hayajaomba. Anayesafirisha wazee na wageni, anayetaka heshima mlangoni, W205 ambayo bodi lake halijaguswa, na hapo halijaguswa namaanisha amepita na kipimo cha unene wa rangi paneli kwa paneli. Asiye na fundi maalumu, anayeishi kwenye foleni ya Mbagala au Kimara asubuhi na jioni, IS 300h, na avumilie Kijapani cha redio.

Na kama ukifika yadi ukakuta Crown Athlete Hybrid ya S210 imesimama pembeni ya IS kwa bei pungufu, usione haya kuitazama. Ina injini ileile ya mseto, nyuma ina nafasi kubwa zaidi, na hakuna gereji kati ya Bunju na Chanika itakayokurudisha. Itakukosesha ile pete inayosogea kwenye saa, na jina. Lipi kati ya hayo lina thamani gani kwako, dalali hawezi kukusaidia.